Shajara ya mradi: kumkabidhi mama kutoka tiata hadi wodi ya wazazi

Mimi ni muuguzi wa rikava, chumba cha kuamkia wagonjwa wakitoka kupasuliwa, katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Kumbukumbu hizi ni za mradi mdogo wa timu yetu ya kuboresha huduma. Hatuna mfadhili. Tuna daftari, saa ya ukutani, na ruhusa ya muuguzi mfawidhi.

Wiki ya 1

Tumeanza kwa sababu ya mama mmoja. Alipasuliwa usiku kwa ganzi ya mgongo, mtoto akatoka analia. Pale mezani kizazi kililegea, na kizazi kilicholegea humwaga damu. Daktari akakisugua, dawa ya kubana ikaongezwa kwenye dripu, kikashika. Kila aliyekuwa tiata usiku ule alijua kwamba huyu mama wa kuangaliwa.

Rikava nilimpima, presha ikawa nzuri. Nikamsindikiza na mhudumu wa machela hadi wodini. Sista wa zamu alikuwa peke yake, na nyuma ya pazia mama mwingine alikuwa anasukuma mtoto. Nikaweka faili miguuni pa kitanda, nikapaza sauti: "Sista, mama wa oparesheni huyu, anaendelea vizuri." Akaniitikia, "Haya." Nikarudi mbio, tiata kulikuwa na mwingine anasubiri.

Habari ya kizazi kulegea ilikuwemo kwenye faili, ukurasa wa nyuma, katikati ya maelezo ya daktari. Dripu yenye dawa ilipoisha ikafuata ya maji matupu. Aliyeiona damu ni mama mkwe: alitaka kumfunika vizuri akakuta kanga imelowa. Alfajiri tukamrudisha tiata, akaongezewa damu, akapona, akaenda nyumbani na mwanawe. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru yule mama mkwe.

Kwenye kikao hakuna aliyenilaumu. Lakini yale maneno mawili, "anaendelea vizuri", ni yangu, na nimeyaandika kwenye jalada la daftari hili ili niyaone kila ninapolifungua. Duniani kote kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wazazi kuliko sababu nyingine moja yoyote. Mimi nilikuwa na habari ambayo ingemfanya sista aguse tumbo la yule mama kila robo saa, nikaondoka nayo.

Wiki ya 2

Hatujabadilisha chochote. Tunatazama tu. Nimefuata machela kila zamu niliyokuwa kazini, na mkunga wa wodi naye ametazama kwa upande wake. Jioni tunalinganisha.

Nilidhani nitakuta watu hawaambiani. Sivyo. Tunaambiana sana, ila tunaambiana tukiwa na mikono kazini. Mtu wa usingizi, yaani mtoa ganzi na dawa za usingizi, anamweleza nesi kuhusu pethidini, dawa kali ya maumivu, huku nesi ameshika chupa ya dripu juu na kwa goti anazuia machela isiteleze. Daktari anatoa maagizo akiwa anavua gauni. Mhudumu anauliza "kitanda kipi?" katikati ya sentensi. Maneno yanasemwa, ila kichwa cha anayesikia kipo kwenye uzito wa mgonjwa.

La pili ni kwamba habari hupungua kila inapobadilisha mikono. Mpasuaji anamwambia mtu wa usingizi, naye ananiambia mimi, nami namwambia wa wodini, naye saa moja asubuhi anamwambia mwenzake wa zamu inayoingia. Nimefuatilia habari moja tu, saa aliyochomwa dawa ya maumivu. Tiata ilikuwa saa na dakika. Rikava ikawa "kashachomwa". Wodini ikawa "nadhani kashachomwa". Asubuhi haikutajwa kabisa, na yule mama alikuwa analia kwa maumivu huku sista anaogopa kumchoma mara ya pili. Hofu yake ilikuwa ya haki: ukimwongezea mtu pethidini kabla ya wakati wake, anaweza kulala usingizi ambao pumzi inapungua ndani yake.

La tatu sikulitarajia. Kuna zamu mhudumu wa machela ndiye anayempeleka mgonjwa peke yake, kwa sababu nesi wa rikava hana wa kumwachia wengine. Mhudumu wetu mkubwa, mzee wa kuheshimika, aliniambia: "Binti yangu, mimi nakabidhi faili. Wakiniuliza swali nasema nitarudi kuuliza, na nikirudi nakuta kuna mwingine wa kubeba."

Wiki ya 3

Wiki ya kusoma. Daktari wetu mmoja wa intani alituletea habari ya Great Ormond Street, hospitali ya watoto ya London. Madaktari wa moyo wa pale walikuwa wanahamisha watoto kutoka tiata kwenda chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa na mirija na mashine tele, na walijua mambo yanaharibika njiani. Wakaangalia kwenye televisheni jinsi gari la mashindano ya Formula 1 linavyobadilishiwa matairi, wakaenda kuomba ushauri kwa timu ya Ferrari. Walichojifunza ni mpangilio. Kila mtu awe na nafasi yake, awepo mmoja anayeongoza, na mashine zihamishwe kwanza mpaka zitulie ndipo maneno yaanze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Makosa ya kiufundi yalishuka kutoka wastani wa 5.42 hadi 3.15 kwa kila mtoto, habari zilizosahaulika zikashuka kutoka 2.09 hadi 1.07, na muda haukurefuka, ulitoka dakika 10.8 ukawa 9.4.

Nilipowasomea wenzangu, mzee wa machela akauliza, "Kwao kitanda kimoja kinapokelewa na watu wangapi?" Swali zito. Kule timu nzima inamzunguka mtoto mmoja. Kwetu usiku sista mmoja ana wodi nzima. Hatuwezi kuchukua kila kitu chao. Ila lile moja, mikono kwanza na maneno baadaye, halihitaji fedha wala mtu wa ziada. Tumelichukua.

Wapo waliosema mambo haya ni ya Ulaya. Nikawakumbusha Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu ile orodha ya usalama wa upasuaji, hospitali zilikuwa nane tu duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa kwetu Morogoro. Wengine walikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, Amman na New Delhi. Katika hospitali hizo nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ina sehemu tatu, na ya mwisho, kabla mgonjwa hajatoka tiata, inawataka mpasuaji, mtu wa usingizi na nesi waseme ni kitu gani hasa cha kuangaliwa kwa mgonjwa huyu akishatoka. Ipo ukutani kwetu miaka yote. Sehemu ya kwanza tunaisoma vizuri na ya pili tunaisoma. Ya tatu tunaitia vema wakati mshono wa ngozi unaendelea na kila mtu anawaza mgonjwa anayefuata.

Kumbe makabidhiano yanaanzia pale, ndani ya tiata, na pale ndipo yalipokuwa yanapotea.

Wiki ya 4

Tumetengeneza fomu na fomu imeshindwa. Naandika kwa urefu kidogo ili mwenye kutaka kuiga asipite njia hiyo.

Tulichukua mfumo unaojulikana kwa herufi SBAR, ulioanzia kwa mabaharia wa nyambizi za Marekani kisha ukaingia hospitalini: hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, unavyoona wewe, unachotaka kifanyike. Mfumo mzuri. Kosa letu ni kwamba kila mtu aliongeza kisanduku chake. Maabara wakataka kundi la damu, mtu wa usingizi akataka aina ya sindano, stoo wakataka idadi ya gozi. Ikafika kurasa mbili.

Siku ya tatu nikakuta fomu imejazwa yote, vema safi kila mahali, na mgonjwa bado yuko mezani. Nesi aliyeijaza ni mchapakazi, simlaumu. Aliijaza mapema kwa sababu alijua baadaye hatakuwa na nafasi. Karatasi ilikuwa imekuwa kazi nyingine juu ya kazi.

Tumeiondoa. Muuguzi mfawidhi alisita, kwa kuwa tulishatoa nakala nyingi, lakini akakubali. Upande wa nyuma tunautumia kuandikia chati za presha.

Wiki ya 5

Kikao cha wiki hii ndicho kilichougeuza mradi, na aliyeugeuza ni mkunga wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima ambaye kwenye vikao vya nyuma alikuwa hasemi. Alisikiliza tunavyobishana fomu ipunguzwe vipi, akasema: "Ninyi mnakabidhi tu. Mimi mbona hamjaniuliza kama nimepokea?"

Kimya kikapita. Neno lenyewe tunalolitumia ni kukabidhiana, la watu wawili, na sisi kwa wiki nne tulikuwa tunamfundisha mmoja. Tulimnoa anayesema. Anayepokea tulimwachia "haya".

Akaendelea: "Ukimtuma mtoto dukani unamwambia nini? Unamwambia, hebu rudia, nimekutuma nini. Akirudia ndipo unampa hela." Sote tulicheka kwa kumtambua mama aliyetulea. Hakuna kati yetu aliyekulia kwenye nyumba isiyo na maneno hayo. Mafuta nusu lita, chumvi pakiti moja, chenji usiipoteze. Ukikosea kurudia, unaambiwa upya, na hakuna anayeona umedharauliwa.

Basi utaratibu ukawa huu. Mgonjwa akifika kitandani, kwanza mikono: ahamishwe, dripu itundikwe, mfuko wa mkojo uwekwe chini ya kitanda, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kivalishwe. Wakati huo hakuna anayetoa ripoti, hata kama ana haraka. Kisha wa rikava anasema mambo matano, kwa mpangilio uleule kila mara: amefanyiwa nini na kwa nini, amepoteza damu kiasi gani na kizazi kipoje, amechomwa dawa gani saa ngapi na inayofuata ni saa ngapi, kipi kinatutia wasiwasi, na ukiona nini umwite nani. Halafu sista wa wodi anarudia, kwa maneno yake, na mkono wake ukiwa tumboni kwa mama. Akimaliza, anasema, "Nimempokea." Mpaka neno hilo litoke, mgonjwa bado ni wa tiata, awe amelala kitanda cha wodi au hajalala.

Hilo la mkono tumboni ni la mkunga pia. Anasema kizazi kikiwa kigumu kama embe bichi leo, kidole kinakumbuka, na baada ya robo saa kidole chenyewe kitajua kama kimelegea.

Karatasi imebaki, ila ni ya ukubwa wa kiganja na ina mistari mitano. Mstari wa nne ndio wa lazima, wa wasiwasi. Hairuhusiwi kuandika "hakuna". Mgonjwa aliyepasuliwa muda mfupi uliopita ana cha kuangaliwa siku zote, hata kama ni kwamba miguu bado haijarudi kutoka kwenye ganzi na asijaribu kwenda chooni peke yake.

Wiki ya 6

Mchana tunaenda vizuri. Usiku bado.

Tatizo la usiku ni lile la mwanzo, sista mmoja na mama anayesukuma. Huwezi kumwambia aache kichwa cha mtoto aje kurudia maneno matano. Tulichofanya ni simu. Mshono wa ngozi unapoanza, tiata inapiga wodini: mama wa oparesheni anakuja, anahitaji hiki na hiki. Sista akisema ana mama anazalisha, mgonjwa anabaki rikava mpaka aitwe. Rikava ina macho, wodi kwa dakika hizo haina.

Simu hiyo imetupa faida ambayo hatukuiwinda. Wodi ina mashine moja ya oksijeni. Zamani mgonjwa alifika ndipo inaanza kutafutwa, iko kwa nani na waya wa umeme uko wapi. Sasa anayeihitaji anatajwa mapema, na akifika anaikuta imeshawaka.

Daktari bingwa wetu hakufurahi wagonjwa kubaki rikava, kwa kuwa kitanda kikijaa tiata inasimama. Nilikwenda ofisini kwake, nikamwamkia, nikamweleza kisa cha wiki ya kwanza mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimeshika daftari. Alikuwa hajui kwamba nilipaza sauti tu nikaondoka. Aliniangalia muda, akasema, "Subirini. Nikiwa na dharura ya pili nitashuka mwenyewe tuamue." Tangu siku ile, akimaliza kupasua, anausema mstari wa nne kwa sauti kabla hajavua glavu. Na intani wake wameiga.

Wiki ya 8

Wiki ya saba sikuandika. Dharura zilifuatana usiku mmoja, mbili za uzazi na moja ya ajali ya bodaboda, na utaratibu wote ulianguka. Watu walirudi kwenye kupaza sauti na "haya". Niliumia, lakini nimejifunza kitu cha kupima: utaratibu unaanguka pale tunapouhitaji zaidi. Asubuhi yake tulikaa tukaulizana kipi kilikuwa cha kwanza kuachwa. Ilikuwa simu. Baada ya simu kuachwa, yaliyobaki yakaporomoka yenyewe. Sasa simu amepewa mhudumu wa tiata, ambaye mikono yake haipo ndani ya tumbo la mtu.

Kuna jambo nataka liwe wazi kwa wanaofuatilia mradi huu na wanaoniuliza umeokoa wangapi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa 11,422 waliopasuliwa ndani ya siku saba. Theluthi moja ya upasuaji wote ulikuwa wa kujifungua. Kati ya wagonjwa wote waliofanyiwa upasuaji, asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi. Na wengi mno wa waliofariki hawakufia mezani. Walifia wodini, siku zilizofuata. Niliposoma hilo nilifunga simu nikakaa kimya, kwa maana wodini ndiko tunakowasukuma kwa machela tukisema wanaendelea vizuri.

Watafiti haohao wakajaribu suluhisho: wagonjwa wa hatari waangaliwe zaidi baada ya upasuaji. Matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na moja naijua kwa macho yangu: huwezi kumwagiza sista mmoja aangalie zaidi bila kumpunguzia kingine. Kwa hiyo sisemi tumeokoa wangapi. Wagonjwa wetu ni wachache mno kulipima hilo. Ninachokiona ni kwamba saa ya dawa ya maumivu sasa inafika asubuhi ikiwa na dakika zake, na kwamba wodini wananipigia simu kuuliza. Zamani walikuwa hawapigi.

Wiki ya 10

Tumeongeza mpokeaji wa tatu, ndugu wa mgonjwa.

Wazo lilikuwa langu na nililishikilia kwa sababu ya yule mama mkwe. Aliokoa maisha bila mtu kumwambia atazame nini. Sasa ndugu anayeruhusiwa kukaa anaambiwa mambo mawili kwa lugha ya nyumbani: pedi ikijaa haraka, niite, akikwambia anasikia kizunguzungu au baridi, niite, hata kama niko na mwingine. Naye anarudia. Bibi mmoja alirudia, kisha akaongeza la kwake: "Na kama akinyamaza sana?" Tumeliongeza kwenye maneno yetu, kwa sababu mama anayepoteza damu hunyamaza kweli.

Wengine walihofu tutawatisha watu. Mimi sijaona aliyetishika. Nimeona wanaovuta kiti karibu na kitanda.

Wiki ya 11

Saa nane usiku, juzi. Nampeleka mama wa mapacha. Mikono kwanza, tukatulia, nikasema matano yangu. Sista wa zamu, binti mwenye miezi michache kazini, akaweka mkono tumboni akaanza kurudia. Akafika la tatu akasimama. "Dada, umesema dawa ya kubana iko kwenye dripu hii. Hii haina lebo."

Nikatazama. Kweli. Chupa ilikuwa imebadilishwa njiani, kwenye korido, ile ya kwanza ilipokaribia kuisha, na mpya ilikuwa ya maji matupu. Mimi ndiye niliyeibadilisha. Nilikuwa nimesema kwa uaminifu kabisa jambo ambalo halikuwa kweli tena kwa dakika kumi.

Binti akasema, kwa adabu lakini bila kuyumba, "Basi bado sijampokea."

Nikarudi tiata nikaleta dawa, tukaichanganya mbele yake, tukaandika lebo: jina la dawa, kiasi, saa. Akarudia kuanzia la kwanza. Kizazi kilikuwa kigumu. Mapacha walikuwa wamelala upande mmoja, vichwa vimegusana. Akasema, "Nimempokea," nami nikaandika saa: nane na dakika ishirini na tatu.

Asubuhi nilipeleka jambo hili kikaoni. Tumekubaliana chupa ya dripu haibadilishwi koridoni. Ikikaribia kuisha, inabadilishwa kabla ya kutoka rikava, na lebo inabandikwa hapohapo. Mzee wa machela ameomba naye apewe ruhusa ya kukataa kusukuma machela yenye dripu isiyo na lebo. Muuguzi mfawidhi amekubali.

Wiki ijayo tunaanza na wodi ya upasuaji ya wanaume, ambako swali la damu na kizazi halipo na inabidi tukae na wauguzi wa kule watuambie wao huwa wanaogopa nini usiku.